Sumaku Inayopulizwa Kama Rangi

Fundi wa gereji akipiga rangi mlango wa gari, anachojali ni rangi ishike na isichuruzike. Sasa mpe bomba linalotema joto la zaidi ya nyuzi 10,000 za Selsiasi, na badala ya rangi mpe unga wa chuma, neodimi na boroni. Atakachobandika ukutani mwa chombo ni utando wa sumaku.

Joto hilo si la moto. Ni plazima: gesi, mara nyingi argoni, iliyopitishwa kwenye umeme mkali hadi atomu zake zikapokonywa elektroni. Unga ukiingia humo huyeyuka, hurushwa kwa kasi, hujibamiza kwenye bamba na kutandazika kama vichapati vidogo mno. Kila kichapati huganda papo hapo, kikipoa kwa kasi inayoweza kufika nyuzi milioni moja kwa sekunde. Hapo ndipo penye siri. Fuwele hazipati muda wa kunenepa, na sumaku yenye fuwele ndogo haipokonywi nguvu zake kirahisi.

Wamarekani walipuliza hivyo unga wa sumaku ya samari na kobalti tangu miaka ya 1970. Kobalti nyingi ilitoka Katanga, mkoa wa Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mapigano yalipofika Kolwezi, mji wa migodi mkoani humo, Mei 1978, bei ya kobalti ilipaa, na viwanda vikahaha kutafuta sumaku isiyoihitaji. Watafiti Masato Sagawa huko Japani na John Croat wa kampuni ya magari ya General Motors waliipata kila mmoja kwa njia yake, wakaitangaza mwaka 1983: neodimi, chuma na boroni.

Sumaku hiyo ina nguvu ajabu, lakini huvunjika kama kigae. Kuichonga iwe nyembamba ni kugeuza mali kuwa vumbi. Kupuliza kunaepusha msumeno, hata pale chombo kilipopinda.

Adui ni oksijeni, inayoila neodimi kwa pupa. Kwa hiyo kazi hufanyika ndani ya chumba kilichofungwa, hewa ikiwa imenyonywa.

Na utando ukitoka humo haunasi hata pini! Neodimi-chuma-boroni hupoteza usumaku ikizidi nyuzi kama 310, sembuse ikiyeyuka. Mara nyingi hupashwa joto tena ili atomu zijipange vizuri katika fuwele, kisha huwekwa ndani ya koili na kupigwa mkupuo mmoja wa umeme. Baada ya hapo, weka saa yako mbali.