Mkono kifuani: salamu inayomfuata mtoto hadi kazini

Mtoto wa Mbweni akitumwa dukani hataji unga wala sukari kabla ya kusema "Shikamoo". Muuzaji akiitikia "Marahaba", ndipo bei iulizwe. Wazazi wengi huiona hiyo ni adabu ya nyumbani tu. Kumbe ni somo la kwanza la biashara.

Vijana wengi wa Unguja hufanya kazi na wageni, hotelini au kwenye maduka ya Mji Mkongwe, na huko kila mgeni huja na salamu yake. Mjapani huinama, na kadi yake ya biashara huitoa kwa mikono miwili. Mjerumani hutoa mkono huku akikutazama machoni. Kijana aliyefunzwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa huenda akadhaniwa anaficha jambo. Muomani huuliza hali kwanza, biashara baadaye, na kwa kawaida mwanamume hampi mwanamke mkono mpaka mwanamke aanze.

Binti asiyepeana mkono

Je, binti ambaye hapeani mkono na wanaume afanye nini kwenye usaili?

Nchini Uswidi, mwaka 2016, Farah Alhajeh aliomba kazi ya ukalimani mjini Uppsala. Alipotambulishwa kwa mwanamume, aliweka mkono kifuani, akaeleza kuwa ni kwa sababu ya dini yake. Usaili ukaishia hapo. Agosti 2018, Mahakama ya Kazi iliamua kuwa alibaguliwa, akapewa fidia ya krona 40,000. Mahakama ilisema mwajiri ana haki ya kutaka wanaume na wanawake watendewe sawa, lakini si lazima iwe kwa kupeana mikono.

Mzazi afanye nini?

Mzoeshe mtoto mambo matatu kwa pamoja: mkono kifuani, tabasamu na neno la salamu. Mara nyingi kinachomuudhi mgeni si kukosa mkono, bali kuachwa na mkono wake hewani bila neno.

Salamu hiyo ina faida kwa afya pia. Korona ilipoingia nchini Machi 2020, wengi waliacha kupeana mikono. Hata leo, mtoto mwenye mafua au macho mekundu asilazimishwe kumpa mkono kila mgeni. Aamkie kwa mdomo, na mikono ioshwe kwa maji na sabuni.

Mkono unaweza kusubiri. Salamu isisubiri.