Tumrekebishe Paka Wetu

Paka ni msaidizi wa mkulima. Panya hula mahindi ghalani. Yale wasiyoyala huyachafua kwa mkojo na mavi. Paka huwapunguza panya hao. Ndiyo maana wahenga walisema, "Paka wa nyumba haingwa," yaani hafukuzwi.

Hata hivyo, wengi wetu tunamlalamikia paka. Mmoja husema paka wake ni mwizi. Mwingine husema paka wake anakula vifaranga. Mwingine husema paka wake analala tu. Mwisho paka hupigwa, au hutiwa ndani ya gunia akatupwe mbali. Baadaye panya hurudi ghalani, na hasara ni ya mwenye nyumba.

Kabla ya kumtupa paka, tujiulize: Kwa nini anafanya hivyo? Kila tabia ina sababu yake.

1. Paka anayeiba chakula

Paka hajui kwamba samaki aliye jikoni ni mali ya mtu. Yeye anajua njaa tu. Watu wengi hudhani kuwa paka akinyimwa chakula atakamata panya kwa bidii. Hilo si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, kwa sababu kuwinda ni maumbile yake. Paka mwenye njaa ndiye anayetangatanga, akaiba kwa majirani, na mwisho asirudi.

Fanya hivi:
- Mpe paka chakula kidogo kila siku, saa ile ile na mahali pale pale.
- Usimpe ugali mtupu. Mwili wa paka unahitaji nyama au samaki. Changanya ugali na dagaa au vichwa vya samaki.
- Mwekee maji safi.
- Funika chakula cha watu. Samaki waweke ndani ya chungu chenye kifuniko kizito.

2. Paka anayekula vifaranga

Jicho la paka huvutwa na kitu kidogo kinachokimbia. Kwake yeye, kifaranga ni sawa na panya. Kwa hiyo wafunike vifaranga kwa tenga pamoja na mama yao mpaka wakue. Ukimwona paka anawanyemelea, piga makofi au mrushie maji kidogo papo hapo. Usimtupie kifaranga aliyekufa, asije akazoea.

3. Paka anayechafua nyumba

Paka hupenda kufukia mavi yake katika udongo laini. Asipopata mahali, atatumia majivu ya jikoni au hata nafaka iliyomwagwa sakafuni. Chukua beseni kuukuu, tia mchanga, weka mbali na chakula. Mtoto wa paka mpeleke hapo kila anapomaliza kula. Baada ya siku chache atazoea.

Ondoa mavi hayo kila siku, uyafukie, kisha unawe mikono kwa sabuni. Mama mjamzito asiifanye kazi hii. Mavi ya paka huweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

4. Paka asiyekamata panya

Paka hulala saa 12 hadi 16 kwa siku. Huo si uvivu. Yeye huwinda zaidi jioni na alfajiri. Mwachie nafasi ya kuingia ghalani wakati huo. Tena, mtoto wa paka hufundishwa kuwinda na mama yake. Usimtenganishe naye kabla hajatimiza wiki 8.

Usiweke sumu ya panya mahali penye paka. Paka akimla panya aliyekula sumu, naye aweza kufa. Utakuwa umempoteza mlinzi wako.

Je, kumpiga kunasaidia?

Hapana. Paka akipigwa baada ya kosa kupita, haelewi kapigwa kwa nini. Hujifunza kumwogopa mtu tu. Paka mwoga hujificha, hukwaruza na kuuma watoto.

Hatari kubwa: kichaa cha mbwa

Paka mpole akigeuka ghafla kuwa mkali, akitokwa na mate mengi, au akishindwa kutembea vizuri, usimshike. Huenda ana kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu humpata paka pia, na mtu huambukizwa akiumwa au akikwaruzwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa.

Mtu akiumwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Usipake majivu wala dawa za kienyeji. Mpeleke kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, akachomwe sindano za kinga. Azimalize zote, hata kama jeraha ni dogo na limepona. Mwarifu pia mtaalamu wa mifugo.

Ugonjwa huu una kinga. Paka akifikisha umri wa miezi 3, mpeleke achanjwe. Chanjo irudiwe kama mtaalamu wa mifugo atakavyoeleza.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini si vizuri kumnyima paka chakula ili akamate panya?
2. Katika kijiji chetu, watu hufanya nini wakiumwa na paka au mbwa? Je, inatosha?
3. Nyumbani kwako utabadili jambo gani kuanzia leo?