Hesabu ya Muda kati ya Tarehe Mbili katika Lahajedwali

Kalenda ya Gregori, inayotumika leo katika shughuli nyingi za serikali, biashara na sayansi, haikuundwa ili kurahisisha hesabu: miezi yake ina siku kati ya 28 na 31, na mwaka unaogawanyika kwa 4 huongezewa siku moja mwezi Februari ukawa mwaka mrefu, isipokuwa ule wa mwisho wa karne usiogawanyika kwa 400. Kwa sababu hiyo mwaka 2000 ulikuwa mrefu ilhali 1900 haukuwa, na tarehe moja haiwezi kutolewa katika nyingine mpaka kwanza zote mbili zigeuzwe kuwa namba.

Ugeuzaji huo hufanywa na lahajedwali, yaani programu ya kompyuta inayopanga data katika safu wima na safu mlalo, kisha ikafanya hesabu kwa fomula, ambazo ni maelekezo yanayoandikwa ndani ya visanduku vya jedwali. Katika mpangilio wa kawaida wa Microsoft Excel, 1 Januari 1900 ni namba 1, na kila siku inayofuata huongeza moja. Hivyo 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, ni namba 22,624, na 26 Aprili 1964, ilipoungana na Zanzibar, ni 23,493; ikiwa tarehe hizo zimo katika visanduku A2 na B2, fomula =B2-A2 hutoa siku 869.

Mfululizo huo una dosari moja ya kihistoria, kwani Excel iliihesabu 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwapo, ili ilingane na programu iliyoitangulia ya Lotus 1-2-3. Muda unaoanza kabla ya siku hiyo na kuishia baada yake huzidi kwa siku moja, lakini tarehe za baadaye haziathiriki, kwa kuwa ziada hiyo imo katika namba zote mbili na hujifuta zinapotolewa.

Ugumu halisi huanza pale jibu linapotakiwa kwa miaka, kwa sababu siku ni kipimo kisichobadilika ilhali mwaka wa kalenda hubadilika urefu. Mtu aliyezaliwa 1 Machi 2001 alitimiza miaka 18 tarehe 1 Machi 2019, baada ya siku 6,574. Lakini siku hizo zikigawanywa kwa 365.25, ambao ni wastani wa mwaka unaopendwa na wengi, hupatikana pungufu kidogo ya 18, na sehemu ya desimali ikiondolewa jedwali humhesabu kuwa na miaka 17. Kugawanya kwa 365 hukosea upande wa pili, kwani humpa miaka 18 tangu 25 Februari. Fomula =DATEDIF(A2,B2,"Y") huepuka makosa yote mawili, kwa kuwa hailinganishi wastani bali huhesabu miaka iliyotimia kwa kufuata siku na mwezi wa kuzaliwa.

Swali lenyewe pia lazima lifafanuliwe. Likizo ya kuanzia tarehe 5 hadi 9 ni siku tano zikihesabiwa zote, ingawa kutoa hupata nne, hivyo fomula huongezewa 1. Na zikitakiwa siku za kazi pekee, hutumika NETWORKDAYS, inayoruka Jumamosi na Jumapili pamoja na sikukuu zilizoorodheshwa. Vilevile maandishi 03/04/2024 ni 3 Aprili kwa msomaji wa Afrika Mashariki, lakini kompyuta yenye mpangilio wa Marekani huyasoma kuwa 4 Machi, na tofauti ya siku 30 huingia katika jedwali bila onyo lolote.

Umri huamua haki ya kupiga kura, na siku za utumishi huamua mafao ya mfanyakazi. Kwa hiyo anayeandaa jedwali ana wajibu wa kuandika juu ya safu husika kama kinachohesabiwa ni siku zilizopita, miaka iliyotimia au siku za kazi, na kuijaribu fomula yake kwa tarehe za mpakani, hasa siku yenyewe ya kuzaliwa na 29 Februari, kabla ya kuiamini kwa maelfu ya watu.