UZI: Je, Mwayalandi anaishi vizuri mara mbili ya Mwingereza?

1/ Kwenye mijadala ya siasa humkosi mtu wa kusema: "Angalieni nchi fulani! Juzi ilikuwa maskini, leo imempita jirani tajiri. Sisi tunangoja nini?" Mfano unaopendwa sana ni Ayalandi na Uingereza. Hebu tuufungue pole pole.

2/ Kwanza, namba yenyewe. Chukua GDP, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa nchini kwa mwaka, uigawe kwa idadi ya watu. Mwaka 2023 Ayalandi ilikuwa na zaidi ya dola 100,000 kwa kila mtu. Uingereza ilikuwa kwenye 50,000 hivi. Mwanasiasa huishia hapo. Sisi ndipo tunaanza.

3/ Swali: hizo pesa ni za nani? Kwa miaka mingi Ayalandi imetoza kampuni ushuru mdogo wa faida, asilimia 12.5 (kampuni kubwa kabisa zilipandishiwa hadi 15 mwaka 2024). Kampuni za Marekani za teknolojia na dawa zikahamishia huko ofisi na haki miliki zao. Simu inaweza kuundwa Asia, ikauzwa Ujerumani, na faida ikaandikwa Ayalandi.

4/ Ndiyo maana takwimu za kwanza za mwaka 2015 zilisema uchumi umekua kwa asilimia 26. Mwaka mmoja! Kwani watu walianza kufanya kazi usiku na mchana? La. Kampuni chache kubwa zilihamisha mali iliyoko kwenye makaratasi. Mchumi Paul Krugman aliufanyia mzaha ukuaji huo, akautania kwa vijimtu vya ngano za Kiayalandi.

5/ Waayalandi wenyewe hawakujidanganya. Tangu 2017 Ofisi yao Kuu ya Takwimu hutoa hesabu nyingine ya pato la taifa, iliyoondolewa sehemu kubwa ya mambo hayo ya makaratasi. Miaka ya karibuni hesabu hiyo imekuwa nusu na kidogo tu ya GDP. Nusu nyingine haikuingia mfukoni mwa mwananchi.

6/ Sasa twende sokoni. Mwaka 2022 na 2023, bei za bidhaa na huduma za nyumbani Ayalandi zilikuwa zaidi ya asilimia 40 juu ya wastani wa Umoja wa Ulaya. Mshahara mnono, lakini na duka nalo linakungoja mlangoni.

7/ Hospitali je? Uingereza ina huduma ya afya ya taifa tangu 1948. Unamwona daktari wa mtaani bila kulipa. Ayalandi, kama huna kadi ya serikali, na wewe si mtoto wa chini ya miaka 8 wala mzee wa 70 kwenda juu, utatoa euro 50 au zaidi kwa kumwona tu.

8/ Lakini msikimbilie kumshangilia Mwingereza. Bure si sawa na haraka: mwaka 2023 foleni ya kusubiri matibabu ya hospitali, England pekee, ilipita milioni 7. Na wastani wa Uingereza unabebwa sana na London. Ukitoka huko kuelekea kaskazini mwa England au Wales, hadithi inabadilika.

9/ Nyumba zinauma pande zote mbili. Dublin kodi ya nyumba imepanda hadi vijana wenye kazi nzuri wanaendelea kuishi kwa wazazi, wengine wanahamia Australia. Ukiwa na GDP ya dola 100,000 na bado unalala chumba chako cha utotoni, hiyo namba inakusaidia nini?

10/ Tuseme ukweli pia: Ayalandi ina mazuri yake. Watu wake huishi zaidi kidogo ya Waingereza, na pengo la kipato kati ya tajiri na maskini ni dogo zaidi. Ushuru wa zile kampuni ni pesa halisi. Hatari ni kwamba kampuni 10 tu hulipa zaidi ya nusu yake. Zikihama, je?

11/ Kwa hivyo jibu: Ayalandi imepiga hatua kweli, na katika mambo kadhaa imempita jirani. Mara mbili? Hapana, bana.

12/ Na sisi tunajua mchezo huu. Septemba 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa msingi wa kuhesabu GDP. Uchumi "ukakua" kwa karibu asilimia 25, tukaingia kundi la nchi za kipato cha kati. Hesabu ilikuwa halali kabisa. Lakini asubuhi yake bei ya unga ilikuwa ile ile.

13/ Ukisikia tena "nchi fulani imetupita", uliza maswali 4:
– Hiyo pesa inabaki kwa wananchi au inapita tu?
– Baada ya kodi ya nyumba na chakula, mtu wa kawaida anabaki na nini?
– Mtoto akiugua usiku, analipa nani?
– Mnatuonyesha wastani. Mtu wa katikati yuko wapi?

Asiyeweza kujibu hata moja hajalinganisha maisha. Amelinganisha namba.