Unanunua loda ndogo ya cheni iliyotumika? Anza kukagua chini

Wiki mbili zilizopita tulipokea ujumbe wa simu kutoka kwa kikundi cha watu kumi na wanne. Wanauza mchanga, wanasafisha mifereji, na mvua zikiisha wanasawazisha mashamba ya mpunga kwa mashine za kukodi. Wameweka akiba kwa miaka mitatu, sasa wanataka kuongeza mkopo wa SACCOS wanunue mashine yao wenyewe. Wameona mbili yadi, zote loda ndogo za cheni za mpira. Ya kwanza imepakwa rangi upya, mita yake inasoma saa 2,900, na bei ni nafuu. Ya pili imepauka, ina saa 4,100, na mwenye mali hataki kupunguza. Wakatuuliza wachukue ipi.

Tuliusoma ujumbe huo hewani na simu zikaanza kuingia. Wasikilizaji wengi walisema wachukue yenye saa chache. Aliyepiga karibu na mwisho wa kipindi ni opareta mstaafu wa mitambo ya barabara, naye hakushauri chochote. Aliuliza tu kama kuna yeyote kikundini aliyeinama kuangalia cheni, rola na meno. Tulipowapigia wenyewe, wakakiri kwamba waliwasha injini, wakasikiliza mlio, wakanyanyua ndoo mara mbili, wakaondoka wameridhika. Kwa hiyo tumeona tuliandike suala hili kwa kirefu, maana hawako peke yao.

Kwanza tuelewane ni mashine gani. Ni ile loda fupi ambayo wengi mtaani wanaiita Bobcat hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Ilianzia Marekani, jimbo la Minnesota, mwaka 1957, pale ndugu wawili wa ukoo wa Keller walipomtengenezea mfugaji wa batamzinga kijimashine cha kuzoa mbolea bandani. Kilikuwa na magurudumu matatu. Cheni za mpira zilikuja baadaye, katika miaka ya 1980, na Takeuchi ya Japani ni miongoni mwa waliotangulia. Kama umewahi kuona mashine ya kuvunia mpunga ikitembea kwenye tope bila kuzama, umeshaona faida ya cheni.

Faida yenyewe ni hesabu ya uzito na eneo. Loda ya kilo 4,000 iliyokalia cheni mbili, kila moja ikigusa ardhi kwa urefu wa mita 1.4 na upana wa sentimita 32, inakandamiza ardhi kwa karibu nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba. Hiyo haiko mbali na mtu mzima aliyesimama kwa mguu mmoja. Uzito huohuo ukiubebesha matairi manne, mgandamizo unakuwa mara kadhaa zaidi, na kwenye udongo mweusi wa mbuga matairi yanazama.

Ila kabla ya kuendelea, jiulizeni kama kazi yenu inahitaji cheni. Ikiwa sehemu kubwa ni kupakia kokoto kwenye uwanja mgumu, kusogeza kifusi mjini, au kutembea kilomita kadhaa kwenye barabara ya moramu kila siku, loda ya matairi itawatoa kwa gharama ndogo zaidi. Tairi likipasuka huko kijijini linazibwa siku hiyohiyo. Cheni ikikatika, mashine inalala hapo hapo mpaka nyingine ifike. Kikundi kilichotuandikia kina kazi za mifereji na majaruba, kwa hiyo kwao cheni ina maana. Mwuza kokoto tungemshauri vingine.

Sasa tuingie chini ya mashine. Cheni ya mpira inaonekana kama mkanda mmoja, lakini nyingi zina nyaya za chuma zilizofichwa ndani ya mpira pamoja na vipande vya chuma vinavyoshikwa na meno ya gurudumu la kuvuta. Gurudumu hilo mafundi wanaliita sproketi. Mbele na nyuma kuna magurudumu laini ya kuongoza cheni, yaani aidla, na katikati, upande wa chini, kuna rola zinazobeba uzito wote. Sproketi inazungushwa na mota ya haidroliki, moja kila upande. Vyote hivi vinasagana na mchanga na tope kila dakika mashine inapotembea. Kwa mitambo mikubwa ya cheni za chuma kama buldoza, watengenezaji husema sehemu ya chini inaweza kumeza karibu nusu ya gharama zote za matengenezo. Loda ndogo ni nyepesi, ila tabia ni ileile. Injini inaweza kudumu miaka mingi huku sehemu ya chini ikibadilishwa zaidi ya mara moja.

Watengenezaji na wauzaji wa cheni za mpira hutaja mara nyingi maisha ya saa 1,200 hadi 2,000. Saa hizo zinategemea ardhi na mikono ya opareta kuliko zinavyotegemea jina lililoandikwa kwenye mashine. Mashamba yenye tope laini hayali mpira sana. Mawe yenye ncha, visiki na zege ndivyo vinavyoumaliza. Ndiyo maana mashine yenye saa 2,900 iliyofanya kazi machimbo ya mawe inaweza kuwa imechoka kuliko yenye saa 4,100 iliyokuwa kwenye shamba la mifugo huko ilikotoka.

Mkienda kukagua, ombeni mashine ioshwe chini kabla hamjafika au mkiwa pale. Muuzaji akikataa kuosha, hilo nalo ni jibu. Bebeni rula, tochi na simu yenye chaji.

Anzeni na cheni kwa nje. Pimeni kina cha vipande vya mpira vinavyokanyaga ardhi. Cheni mpya huwa na takriban sentimita mbili na nusu, ingawa inategemea aina. Ikibaki chini ya sentimita moja, ihesabuni kuwa imekwisha, hata kama inatembea. Tafuteni mipasuko. Mpasuko mdogo wa juu juu kwenye mpira wa siku nyingi ni kawaida. Ila mkiona nyaya za chuma zimechungulia, maji yameshaanza kuingia, nyaya zinaota kutu, na cheni itakatika siku msiyoipanga. Kisha angalieni upande wa ndani, pale ambapo wanunuzi wengi hawaangalii. Vipande vya katikati vinavyopita kwenye rola vikiwa vimeliwa au kung'oka, cheni itakuwa inachomoka kila ikikata kona.

Hamieni kwenye sproketi. Jino zima ni nene na lina pande mbili zinazofanana. Jino lililoliwa linachongoka na kulalia upande mmoja kama pezi la papa. Hapa kuna mtego tunaotaka mkumbuke. Kuna wauzaji wanaofunga cheni mpya kwenye sproketi iliyochakaa ili mashine ipendeze. Meno yaliyochongoka yanaikwangua cheni mpya, na baada ya miezi michache mnarudi mwanzo. Cheni mpya inayong'aa juu ya meno mabovu isiwaongezee bei hata shilingi moja.

Rola zinahitaji mashine inyanyuliwe. Ikishanyanyuliwa ikaliwe na magogo au vyuma imara, injini izimwe, mikono ya ndoo ishushwe au ifungwe kwa pini yake, na mtu asitambae chini kwa kuamini haidroliki. Zungusheni kila rola kwa mkono. Inayokwaruza, inayocheza kulia na kushoto, au yenye alama ya mafuta pembeni, sili yake imekufa na beringi zinafuata. Rola yenye upande bapa iliwahi kukwama huku cheni ikipita juu yake. Andikeni ngapi mbovu, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa umechakaa zaidi ya mwingine, ulizeni kwa nini.

Hapo mtaona pia mashine zinatofautiana. Nyingine fremu ya cheni imefungwa moja kwa moja kwenye mwili, na ndivyo zilivyo nyingi za Kubota na Takeuchi. Nyingine, kama za ASV, zina springi za msokoto, kwa hiyo opareta hatikiswi sana kwenye mawe na mashine inatembea haraka bila kumwaga mzigo. Bobcat wameuza za aina zote mbili. Yenye springi ina raha yake, lakini ina vitu vingi zaidi vya kuchakaa. Sisi, kwa mtu aliye kilomita 200 kutoka duka la spea, tungechagua ile ambayo fundi wa karibu ameshaifungua na rola zake zinapatikana, hata kama inamtikisa opareta.

Na hapa simu yenu inafanya kazi kubwa. Cheni nyingi za mpira zimeandikwa vipimo kwenye mpira wenyewe, kwa mfano 400x86x52. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni umbali kutoka kipande kimoja cha chuma hadi kingine, ya tatu ni idadi ya vipande. Pigeni picha namba hiyo, pamoja na kibao cha namba ya mashine, mtume kwa wauza spea wawili au watatu kabla ya kuzungumza bei. Ulizeni cheni, sproketi, rola na aidla, na ulizeni vinafika baada ya muda gani. Spea ikiwa haipatikani nchini, hiyo ni sababu tosha ya kuachana na mashine.

Mita ya saa inaweza kubadilishwa, kwa hiyo ilinganisheni na kiti, pedali, vishikio na pini za ndoo. Mita inayosoma saa chache huku pedali zimelika hadi chuma haiaminiki. Mwisho, iendesheni kwa nusu saa mpaka mafuta ya haidroliki yapate moto, maana mota iliyochoka hujificha ikiwa ya baridi. Ipelekeni mbele kwenye njia iliyonyooka, kisha nyuma, kisha ikate kona pande zote mbili. Ikivutia upande mmoja, yawezekana mota au pampu ya upande huo imechoka. Angalieni kama mafuta yanavuja nyuma ya sproketi.

Baada ya hapo kaeni chini na kalamu. Tuchukue mfano, na hizi ni namba zetu za kuelewesha tu. Mashine ya rangi mpya inauzwa milioni 58, iliyopauka milioni 66. Mkikagua mkakuta ya kwanza inahitaji cheni mbili, sproketi na rola kadhaa, na wauza spea wakawatajia jumla ya milioni 17, basi bei yake halisi ni milioni 75. Ile ya ghali inakuwa nafuu kwa milioni 9. Au andikeni kwa saa: cheni mbili za milioni 9 zikidumu saa 1,500, kila saa ya kazi inakula shilingi 6,000 za cheni. Zikidumu saa 600 inakula 15,000, kabla ya dizeli, opareta na rejesho la mkopo. Kikundi kinachopanga bei ya kukodisha bila kuiweka hela hii pembeni kinakula mtaji wake, na kitagundua siku cheni inapokatika.

Tofauti kati ya saa 600 na 1,500 kwa sehemu kubwa iko kwenye kiti cha opareta. Kuzungusha mashine papo hapo, cheni moja ikienda mbele na nyingine nyuma, kunachuna mpira, hasa kwenye zege na moramu kavu. Akate kona pana, ya hatua tatu. Asitembee ubavu wa mteremko kwa muda mrefu, asipande ukingo mkali kwa upande mmoja, na kila jioni atoe tope na mawe yaliyojibana kwenye rola, maana usiku tope likikauka rola hazizunguki asubuhi. Mkiajiri kijana kwa posho ya siku na kumhimiza amalize haraka, msishangae atakavyoitumia.

Kuna na ukazaji. Cheni iliyolegea inachomoka, iliyokazwa kupita kiasi inakula beringi na meno. Kipimo kiko kwenye kitabu cha mashine, na hupimwa ikiwa imenyanyuliwa: nafasi kati ya rola na cheni inayoning'inia. Mashine nyingi hukazwa kwa grisi inayoingizwa kwenye silinda ndogo nyuma ya aidla. Kuilegeza ndiko kwenye hatari. Grisi ile imebanwa kwa nguvu kubwa, ikichomoka inaweza kupenya ngozi. Vali ifunguliwe kidogo kidogo, na anayefungua akae pembeni, uso usielekee tundu. Aliyepenywa na grisi aende hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano. Na mkiwa bado yadi, angalieni silinda hiyo imetoka kiasi gani. Ikiwa imefika mwisho, hakuna tena nafasi ya kukaza.

Muuzaji akikubali kupunguza bei kwa sababu ya mliyoyakuta, yaandikeni kwenye mkataba: namba ya mashine, hali ya cheni kila upande, rola mbovu ngapi, na nani analipa usafiri wa lori la kubebea. Picha zenu zibaki na watu wawili, asibaki nazo mwenyekiti peke yake.

Kikundi chetu cha watu kumi na wanne kilirudi yadi Jumamosi iliyopita na rula. Ile ya rangi mpya ilikuwa na cheni mpya kweli, na meno yamechongoka pande zote mbili. Ile iliyopauka ina rola mbili zinazovuja upande wa kushoto. Wametuma picha za namba kwa wauza spea na wanasubiri bei. Watakaloamua tutawaeleza hewani.