Ngazi Chini ya Bahari

Yonaguni ni kisiwa cha mwisho cha Japani upande wa magharibi. Mwaka 1986 mzamiaji Kihachiro Aratake alishuka baharini huko akitafuta mahali pa kutazamia papa wenye kichwa cha nyundo. Akakuta mwamba mkubwa wenye ngazi pana na kuta zilizonyoka, mfano wa jengo la wafalme wa kale. Kilele chake ki karibu na uso wa maji. Chini wafika kina cha meta 25 hivi.

Nani aliuchonga? Mtaalamu Masaaki Kimura alishikilia kwamba ni kazi ya watu wa kale. Robert Schoch, mtaalamu wa mawe, naye alizamia, akajibu: mawe ya mchanga hupasuka yenyewe kwa mistari iliyonyoka, na ngazi za namna hiyo zaonekana hata ufukoni. Wataalamu wengi wakubaliana naye.

Azamiaye na chupa ya hewa mgongoni hapandi kwa haraka, wala hazuii pumzi, maana hewa hutanuka ikapasua mapafu. Nasi tusiharakishe kuamua. Aliyeona ngazi asiseme mara moja kwamba amemwona na fundi. Ashuke kwanza, atazame, kisha apande polepole na kunena.