Nani anachimba jiwe la Star Trek?

Hadithi ikipendwa, wenyewe hawaiache ilale. Wataiongezea mwisho, wataiongezea mwanzo, hata kama yule aliyeitunga amekwisha kufa. Star Trek ndiyo mfano mkubwa. Ilianza pa televizyo ya Marekani mwaka wa 1966, ikakatwa mwaka wa 1969 kisha sehemu 79, ju watazamaji walionekana kuwa wachache. Mtunzi wake, Gene Roddenberry, alikufa mwaka wa 1991. Na leo bado inazaa.

Batoto wetu wanaiangalia mu telefone, kipande huku, kipande kule, na baba akirudi ku kazi anauliza: sasa hii iko ya kwanza ao ya mwisho? Swali lake ni la haki. Seri ya mwaka wa 1987, ile ya Kapiteni Picard, inaendelea mbele: karibu miaka mia moja imepita tangu Kapiteni Kirk. Seri ya Enterprise ya mwaka wa 2001 inarudi nyuma miaka mia moja mbele ya Kirk. Strange New Worlds ya mwaka wa 2022 iko pa meli ileile ya Kirk, lakini yeye hajapewa bado. Discovery ilifanya zote mbili: ikaanza miaka kama kumi mbele ya Kirk, kisha ikaruka zaidi ya miaka 900. (Kwetu neno "mbele" linabeba maana zote mbili, ile ya zamani na ile ya kesho. Watunzi wa Star Trek wangelipenda neno hilo.)

Kurudi nyuma kuna hatari yake. Mtazamaji anajua tayari nani atazeeka, basi hata risasi zikilia, moyo wake haupigi. Tunaona kwamba ni Strange New Worlds iliyopata dawa. Mwenye kuongoza meli humo ni Kapiteni Pike. Watu wa 1966 walimwona Pike huyo amefungiwa ndani ya kiti, mwili umeungua, hawezi kusema ila kujibu ndiyo ao hapana kwa taa. Mwaka wa 2019, mu Discovery, wakamwonyesha Pike mwenyewe ile siku yake ya mbele, naye akaikubali ili aokoe wengine. Sasa tunamwangalia akipikia watu wake chakula, akicheka nao, na anajua yote. Swali si tena kama atapona. Swali ni ataishi namna gani siku zilizobaki. Mama mwenye bwana anayeshuka chini ya udongo kila juma hana haja ya mwalimu kumweleza hiyo.

Na Uhura? Jina lake limetoka kwa neno letu "uhuru". Nichelle Nichols, aliyemcheza kwanza, alikuwa na kitabu chenye jina hilo mkononi wakati wa kutafuta kazi. Lakini zamani alipewa maneno machache sana: kupokea simu za angani, basi. Seri ya 2022 ndiyo ilimpa Kenya yake, lugha zake 37, na wazazi waliokufa pamoja na kaka yake. Miaka zaidi ya 50 ilipita mbele deni hilo lilipwe.

Deni lingine linatuhusu sisi wa Katanga zaidi. Meli hizo zinakimbia kupita mwanga, na mashine yake inahitaji jiwe. Mwanzoni kabisa jiwe hilo liliitwa litiumu. Ndiyo, litiumu, sawa ile ya Manono. Kisha wakabadilisha jina, ikawa dilitiumu, jiwe la kutungwa. Kumbe, nani analichimba? Mu sehemu moja ya 1966 tunaonyeshwa wachimbaji watatu pekee ku sayari yenye vumbi, wanamgomea Kirk: mawe hawatoi mbele hawajapata wake. Tulicheka, lakini hiyo si sura nzuri ya mchimbaji.

Mwaka wa 1967 walifanya vizuri zaidi. Mgodi wa sayari Janus VI: kitu kinaua watu mu mashimo, zaidi ya 50 wamekwisha kufa. Wachimbaji wanataka kukiua. Spock anaweka mikono juu yake, anasikia maumivu: ni mama. Yale mawe ya mviringo waliyokuwa wakiyavunja kwa maelfu yalikuwa mayai yake. Hakuna mwenye alijua. Mwisho wake, mama yule na batoto wake wanatoboa mashimo, wachimbaji wanakusanya madini. Kirk anaondoka, na sisi hatuwaone tena wale wachimbaji.

Deep Space Nine, iliyoanza mwaka wa 1993, ilibaki pale wengine wanapoondoka. Kituo kizima kilijengwa kwa kusafisha madini, na kazi hiyo walifanyishwa kwa nguvu watu wa Bajor, waliotawaliwa na wageni karibu miaka 50. Mu sehemu moja ya 1996, watumishi wa baa wanaunda sendika na kugoma. Fundi O'Brien anawapa moyo kwa habari ya babu yake, kiongozi wa wachimbaji wa makaa ya mawe Pennsylvania mwaka wa 1902, aliyeuawa kwa risasi. Babu ni wa kutungwa. Mgomo ulikuwa wa kweli. Ulianza mwezi wa tano ukaisha mwezi wa kumi, Rais Theodore Roosevelt akaingia kati, na wachimbaji wakapata nyongeza ya mshahara asilimia 10.

Na sasa Prodigy, katuni ya mwaka wa 2021. Wengi waliidharau ju ni ya batoto. Sisi tunaiweka juu. Inaanza mu mgodi, Tars Lamora, jiwe linaloelea angani, na wachimbaji ni wafungwa, kati yao batoto. Kila mmoja ametoka kwao na lugha yake, na chefu amewanyima mashine ya kutafsiri kusudi wasisemezane. Wazee wa kambi za Union Minière, waliotoka Kasai, Rwanda na kwingine, waliopatana kwa Kiswahili, wangejua mara moja sababu yake. Kisha batoto wachache wanapata meli iliyozikwa chini ya mgodi. Wakiingia ndani, meli inatafsiri. Rok-Tahk, mwenye mwili mkubwa kama mwamba ambaye wote walimwogopa, anafungua kinywa: sauti ya mtoto mwanamke wa miaka 8.

Seri hiyo ilikatwa mwaka wa 2023. Netflix ikaichukua, na televizyo ya Ufaransa ikaonyesha sezoni ya pili kwa Kifaransa mwezi wa tatu 2024, mbele ya Wamarekani wenyewe. Kuna sehemu 20 kwa kila sezoni. Mwenye haraka aangalie nusu ya ile ya kwanza tu. Hapo batoto wamekwisha kukimbia mbali, meli ni yao, nyota zote ziko wazi, nao wanaigeuza kurudi Tars Lamora, ju wenzao bado wako ndani.